Golf GTI, Swift Sport au Impreza: unachonunua hasa unaponunua gari dogo kali la mkono wa pili

Pitia matangazo ya magari ya mkono wa pili Dar es Salaam au Nairobi, utakutana na jambo ambalo mwanzoni linashangaza. Golf GTI ya Volkswagen ya mwaka 2011, yenye turbo na nguvu za farasi 211, mara nyingi inatangazwa kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida ya umri uleule yenye nusu ya nguvu hizo. Ndani ina viti vinavyokushika mbavu na usukani mnene, na ukikanyaga mafuta inaondoka kweli. Mtu anayetafuta gari la kwenda kazini kila siku ana haki ya kuuliza: kwa nini nisichukue hii?

Jibu langu si "usichukue". Bei ya gari hilo imeshuka kwa sababu soko linajua kwamba gharama ya kulitunza haikushuka pamoja nayo. Giaboksi yake, turbo yake na tairi zake bado ni vitu vya gari lililokuwa ghali lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo gari dogo kali lina bei mbili: moja unampa muuzaji siku ya kwanza, nyingine unawapa fundi na duka la spea kidogo kidogo katika miaka miwili inayofuata. Anayezipiga hesabu zote mbili kabla ya kulipa anaweza kupata gari litakalomfurahisha kila asubuhi kwa muda mrefu. Anayeiona moja tu huishia kuliuza kwa hasara kabla hata bima ya mwaka haijaisha.

Ninaposema gari dogo kali nakusudia gari fupi la milango mitatu au mitano, la familia kwa asili yake, ambalo kiwanda kilekile kimelipa injini yenye nguvu zaidi, springi ngumu na breki kubwa. Kwetu yanayoonekana zaidi ni Golf GTI na mdogo wake Polo GTI, Suzuki Swift Sport, Honda Fit RS, Vitz RS na Subaru Impreza yenye turbo. Subaru ina nafasi yake ya pekee mioyoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru wa Kenya alikuwa ameshawaonyesha watu wa nyumbani kwamba Subaru inahimili vumbi na matope ya mashindano hayo. Heshima hiyo ni ya kweli. Ila gari la mashindano lilifunguliwa na kufungwa upya na mafundi kila mwisho wa hatua, na lile lililopo yadi halijawahi kupata bahati hiyo.

Lilivyofika hapa

Karibu magari haya yote yanatoka Japani, na inafaa kuelewa kwa nini Mjapani aliliachia. Gari jipya la binafsi kule hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, unagharimu fedha nyingi ukijumlisha kodi, bima na matengenezo yanayodaiwa. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Wamiliki wengi wanaona heri kuuza, na magari yanaingia kwenye mnada yakiwa bado mazima. Kwa mnunuzi wa huku hilo ni jema, kwa sharti kwamba uone karatasi ya mnada.

Karatasi hiyo ina mchoro wa gari likiwa limekunjuliwa, na juu ya mchoro kuna herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu. X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo: A1 utaitafuta kwa macho, U3 utaiona ukiwa mbali. Pembeni kuna daraja la jumla. Gari la 4 au 4.5 ni zuri, la 3.5 linakubalika kama bei inafanana nalo, na lenye R au RA limewahi kupata ajali iliyogusa mifupa ya bodi na kutengenezwa. Kwa gari la kawaida, RA iliyotengenezwa vizuri si lazima uikimbie. Kwa gari kali mimi naikimbia, kwa sababu gari hili litapigwa kona kwa kasi na kufungiwa breki kwa nguvu, na fremu iliyopinda milimita chache huanza kuonekana hapo hapo: tairi zinalika upande, usukani unavuta, na hakuna alaimenti inayomaliza tatizo.

Kuna karatasi ya pili ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi, nayo ni cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Bila hicho gari halitoki Japani, kwa hiyo aliyeliagiza amewahi kuwa nacho. Kwenye sehemu ya maelezo huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Ukikuta cheti kinasema kilomita 118,000 na dashibodi inasema 74,000, huna sababu ya kuendelea na mazungumzo, hata muuzaji awe mcheshi namna gani.

Halafu kodi. Tanzania haizuii magari ya zamani kuingia, bali inayatoza zaidi. Chukua gari la lita 1.6 ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000 unahesabiwa juu ya milioni 12.5, unapata 625,000. Gari likiwa limevuka miaka 10 tangu kutengenezwa, inaongezwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu, yaani milioni 3.75. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote, milioni 3 na 37,500. Umefika kwenye shilingi milioni 9.9 za kodi kabla ya tozo ndogondogo. Gari hilohilo likiwa chini ya miaka minane lingelipa takriban milioni 5.5. Tofauti ya milioni 4.4 inaweza kukununulia gari jipya zaidi lenye kilomita chache, na watu wengi hawaioni kwa sababu wanaangalia bei ya Japani peke yake. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ina thamani zake za magari na kikokotoo chake mtandaoni, na viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo piga hesabu upya wiki unayolipa.

Kenya inafanya kinyume: gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa. Kwa mwaka 2026 mlango uko wazi kwa yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Maana yake ni kwamba Mkenya anayetaka GTI ya 2011 au Swift Sport ya zamani hawezi kuiagiza, lazima aipate kwa Mkenya mwenzake, na gari hilo limeshakula miaka kadhaa ya barabara za huku. Karatasi ya mnada hapo haisemi tena habari za leo. Kinachosema ni risiti za gereji.

Giaboksi kwanza

Watu huanza na injini. Mimi nasema anza na giaboksi, hasa kwa mtu atakayeendesha kwenye foleni ya Mandela, Kimara au Thika Road kila siku, kwa sababu hapo ndipo magari haya yanapotofautiana sana na ndipo makosa yanapokuwa ghali.

Volkswagen wanaita giaboksi yao DSG. Kwa ndani ni giaboksi mbili za mkono ndani ya kasha moja, kila moja na klachi yake, zinazoendeshwa na kompyuta. Wakati uko gia ya pili, ya tatu imeshapangwa inasubiri, ndiyo maana inabadilisha haraka kiasi kile. Lakini DSG haziko za aina moja. Golf GTI za kizazi cha tano, sita na saba zilikuja na ya gia sita iitwayo DQ250, ambayo klachi zake zinaogelea kwenye oili. Oili inazipoza. Ukibadilisha oili hiyo na filta yake kila kilomita 60,000, giaboksi hii inaweza kuishi maisha marefu. Golf za lita 1.4 TSI, Polo nyingi za kizazi kile na Polo GTI ya lita 1.4 zina nyingine ya gia saba, DQ200, ambayo klachi zake ni kavu. Kavu maana yake hakuna kinachozipoza isipokuwa hewa. Kwenye barabara kuu ni tamu na inabana mafuta. Kwenye foleni, ambako gari linasogea mita mbili na kusimama kwa saa nzima, klachi zinateleza mfululizo, zinapata joto, zinaanza kutetemeka, na mekatroniki, yaani sanduku la valvu na kompyuta linaloziendesha, nalo linaanza kuleta matatizo. Mwaka 2013 Volkswagen iliyarudisha gereji magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa sababu ya DSG.

Kwa hiyo usiulize tu "ni DSG?". Uliza ni ipi. Na usihesabu gia pekee, kwa kuwa baadhi ya GTI za mwishoni mwa kizazi cha saba zina gia saba za klachi za oili. Ingiza namba ya chesisi kwenye orodha ya spea, au chukua fundi anayeyajua magari ya Kijerumani akusomee aina ya giaboksi kwa kompyuta. Mimi nisingenunua DQ200 ya zamani kwa ajili ya foleni ya kila siku bila risiti inayoonyesha klachi na mekatroniki vimeshabadilishwa. Hilo ni neno langu zito kuliko yote kwenye makala hii.

CVT ya Fit RS na ya Swift Sport ya 2011 hadi 2016 ni jambo la tofauti. Haina gia za kubadilisha, ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Kwenye foleni ni laini kabisa. Inachotaka ni oili yake halisi, na mafundi wengi wa mtaani bado wanamimina oili yoyote ya otomatiki waliyonayo. Muulize muuzaji oili gani iliwekwa mara ya mwisho. Akisita, weka gharama ya kuibadilisha kwenye hesabu, na siku ya kujaribu gari sikiliza mlio wa kuvuma unaopanda pamoja na mwendo.

Gia za mkono zinabaki chaguo la uhakika zaidi kwa gari kali la zamani, kama mguu wako wa kushoto unakubali. Klachi inabadilishwa Gerezani au Kirinyaga Road bila kompyuta ya kiwandani, fundi hahitaji mafunzo ya Wolfsburg, makao ya Volkswagen kule Ujerumani, na gari lenyewe linakuwa na uhai unaoulipia. Kuijua klachi iliyochoka ni rahisi: ukiwa gia ya nne kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Injini ikipanda mzunguko lakini gari halichomoki, klachi inateleza.

Turbo, maji na oili

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini, na injini ya lita mbili inapumua kama kubwa zaidi. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili. Gari la turbo lililokosa oili nzuri kwa mwaka mmoja limeshaharibiwa hata kama leo linawaka vizuri. Kitabu cha huduma cha Japani kinaweza kusema kilomita 10,000 au 15,000 kati ya huduma mbili. Kwa vumbi, joto na foleni zetu, elfu tano kwa oili ya sintetiki ya daraja sahihi ndiyo namba ninayoisimamia.

Kila familia ya injini ina udhaifu wake unaojulikana, na hapa ndipo mnunuzi anayejua anapookoa mamilioni. Golf GTI ya kizazi cha tano, farasi 200, ina kijipande kidogo kati ya kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, na pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa. Kikiisha, kinakula kamshafti, na kukikagua ni kazi ya muda mfupi kwa fundi. Kizazi cha sita, farasi 211, kina mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na tenshena, yaani kifaa kinachoukaza mnyororo huo, ilikuwa dhaifu mpaka Volkswagen ilipoiboresha takriban mwaka 2012. Ikiachia, mnyororo unaruka meno, valvu zinagonga pistoni, na injini inakwisha. Kizazi cha saba, farasi 220, kilimaliza tatizo hilo lakini kikaja na nyumba ya plastiki ya pampu ya maji na themostati inayopenda kuvuja. Injini za kizazi cha tano na cha sita pia hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haiogeshi valvu za kuingizia hewa, na masizi yanajijenga pale taratibu mpaka injini inaanza kumisi asubuhi. Kusafisha kunawezekana, ila kunahitaji kufungua.

Impreza ya turbo, ile S-GT ya farasi 250 iliyotoka Japani kuanzia 2007, inatumia injini ya EJ20 yenye mkanda wa taimingi. Mkanda, puli zake na pampu ya maji vinabadilishwa pamoja kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinapinda. Gari likiwa na kilomita 110,000 bila risiti ya mkanda, chukulia haujabadilishwa na ukate bei. Kwa kuwa linavuta kwa magurudumu yote manne, tairi zote nne lazima ziwe za aina moja na zilizolika sawa. Kuweka mbili mpya na kuacha mbili zilizoisha, jinsi tunavyozoea kwenye magari mengine, kunaichosha difu ya katikati.

Swift Sport imejitosheleza kwa namna nyingine, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa matumizi ya kila siku. Za kuanzia 2005 zilikuwa na lita 1.6 bila turbo, farasi 125 kisha 136. Ya kuanzia 2017 ina lita 1.4 yenye turbo, farasi 140, na uzito wa kilo 970 tu ikiwa na gia za mkono. Piga hesabu: kila nguvu ya farasi inabeba kilo 6.9. Golf GTI ya kizazi cha saba ina farasi 220 lakini uzito wake ni karibu kilo 1,400, kila farasi kilo 6.4. Tofauti ni ndogo mno kuliko majina yanavyofanya uamini, na gari jepesi linalipa tena kwenye tairi, breki, mafuta na bushi. Otomatiki yake ya kuanzia 2017 ni ya kawaida yenye toki konveta, gia sita, isiyo na wasiwasi wa foleni.

Asiyetaka kabisa usumbufu wa spea aangalie Vitz RS. Haina turbo, farasi zake ni takriban 110, lakini injini ni 1NZ ileile iliyomo kwenye IST, Probox na Fielder. Usiku wa manane Singida utapata fundi anayeijua.

Jambo moja la petroli linasahaulika. Japani wanauza petroli mbili, ya kawaida ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89, na nyingine wanayoiita haioku, ambayo haishuki chini ya 96. Golf GTI, Impreza ya turbo na Swift Sport zote zilipangwa kwa haioku. Ukizipa petroli ya chini, kompyuta inasikia mgongano ndani ya silinda na kurudisha nyuma muda wa cheche, kwa hiyo zile nguvu ulizozilipia hazipo, na joto linaongezeka. Angalia oktani inayouzwa kituo unachojaza, na ukiwa na gari la turbo tafuta kituo kinachouza ya juu na ushikamane nacho.

Tairi, springi na matuta

Ubavu wa tairi una maelezo yote. Tairi ya 225/40R18, inayokuja na GTI nyingi, ina upana wa milimita 225, na urefu wa ubavu wake ni asilimia 40 ya hapo: milimita 90. Hiyo ndiyo mpira wote ulio kati ya rimu na shimo la barabarani. Ukishuka hadi 205/55R16, ubavu unafika karibu milimita 113, na mzingo wa nje unabaki karibu uleule. Kabla ya kununua rimu za inchi 16 hakikisha zinaivuka kaliper, yaani kile kipande kinachobana diski, ya breki za mbele. Zikivuka, kwa mtu anayepita barabara ya vumbi hadi nyumbani kwake, mabadiliko haya yana faida kuliko kifaa chochote cha kuongeza nguvu.

Kwenye ubavu huohuo kuna duara dogo la namba nne. 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililotoka Japani na tairi zenye kashata nzuri lakini za miaka minane litakutelezesha siku ya mvua ya kwanza, kwa sababu mpira umekauka. Tairi nne za ukubwa huu ni fedha za maana, ziingize kwenye mazungumzo ya bei.

Gari lililoshushwa chini kwa springi za kukata, lenye ekzosi ya mlio na kompyuta iliyoandikwa upya, linahitaji tahadhari zaidi. Simchukii anayeboresha gari lake. Lakini wewe unalinunua bila kujua nani aliandika ile kompyuta, na kila ongezeko la nguvu limelipwa na klachi, turbo na pistoni za kiwandani. Kwa gari la kila siku tafuta lililo kama lilivyotoka kiwandani.

Asubuhi ya ukaguzi

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na uende asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameshaliwasha, na kile ulichokuja kukisikia kimeshapita. Fungua boneti injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha maji, uangalie rangi. Maji yenye mafuta yanayoelea, au ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua, nenda nyumbani. Maji matupu ya bomba badala ya kulanti yanakuambia kitu kuhusu mwenye gari.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izimike baada ya kuwasha. Isipowaka kabisa, mtu ameinyamazisha. Piga stata ukiwa umesimama nje, mwenzako akiwa ndani, sikio lako likiwa upande wa mnyororo au mkanda. Sekunde tatu za kwanza za mlio wa kokoto kwenye Golf ya kizazi cha sita zinatosha kukufanya uulize habari za tenshena. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha ni oili inayoungua. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke, ukiendelea baada ya injini kupata moto ni maji.

Kisha kompyuta. Usikubali mashine ya mwenye gari, njoo na fundi wako na yake. Isome mara mbili, kabla ya kuendesha na baada ya kuendesha nusu saa ikiwemo foleni ya kweli. Kama mashine inaonyesha vipimo vya ndani vya gari havijakamilika, kuna mtu aliyefuta makosa hivi karibuni, na safari hiyo ya nusu saa ndiyo itakayoyarudisha. Kwa DSG, simama kwenye mlima mdogo, achia breki taratibu, uone inavyoshika. Mtetemo, kuchelewa, au kugonga kati ya gia ya kwanza na ya pili ni hesabu ya klachi. Ukirudi, liache linaunguruma dakika kumi huku kipoza hewa kikiwa kimewashwa, uangalie mshale wa joto na usikilize feni ya rejeta ikiwaka na kuzima.

Gari likipita yote hayo, bado usilipe fedha zako zote. Tenga robo ya bei pembeni. Humo mtatoka oili zote, filta, plagi, kulanti, maji ya breki, mkanda ikihitajika, na tairi. Kama robo hiyo haipo, gari hilo bado ni ghali kwako, chagua lililo chini yake daraja moja.

Upande wa makaratasi, Tanzania omba kadi ya gari halisi, si kivuli chake. Gari likiwa na mkopo, kadi huwa benki. Tazama madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi wa usalama barabarani, na linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Kenya uhamisho unafanyika kupitia akaunti ya muuzaji ya NTSA, mamlaka ya usafiri ya huko, kwa hiyo usikabidhi fedha ya mwisho kabla hajauanzisha mbele yako. Na ukikata bima kubwa, mweleze wakala kila kitu kisicho cha kiwandani kilichomo kwenye gari, kuanzia rimu hadi kompyuta, na uhakikishe kimeandikwa kwenye fomu. Kisipoandikwa, siku ya ajali kampuni inaweza kukitumia kama sababu ya kukataa kulipa.